Kimya cha Megahezi Mia na Hamsini

Kazi yangu ni kufuta.
Mwaka wa sita wa uzamivu, na shangazi Kusum wa Solapur
akiuliza tena nasomea nini hasa,
nitamwambia kweli: nasomea kufuta.
Ndege ya saa tano kwenda Delhi, nafuta.
Simu ya mlinzi akimnong'oneza mchumba, nafuta.
Mashine ya kuchomelea vyuma, radi ya mbali juu ya vilima vya Junnar,
setilaiti inayopita bila hodi.
Kukicha, nusu ya usiku imo kapuni
na Profesa Kelkar, miwani kaipandisha kwenye paji, anauliza:
"Kilichobaki?"

Kilichobaki ni mngurumo. Ni galaksi yetu wenyewe
inayopiga kelele mlangoni mwa nyumba
ambamo tunategea sikio mtu anayepumua usingizini.

Maana ninachokitafuta ni kidogo hivi:
hidrojeni, kabla nyota za mwanzo hazijaiunguza,
ilitoa mawimbi ya shubiri moja.
Yakasafiri. Ulimwengu ukatanuka, yakatanuka nao.
Yaliondoka shubiri, yanafika pima.
Nyoosha mikono yote miwili, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole:
upana huo ndio umri wake.
Miaka bilioni kumi na tatu na ushei.

Februari ukatokea mstari.
Saa nane na dakika kumi na nne usiku, masafa yale yale,
mnyoofu, mkakamavu, kila usiku wa tatu.
Nilijua si kweli na sikulala.
Naitwa Mrunal; nusu saa nzima nililiandika jina hilo
juu ya makala ambayo haikuwepo.

Kila usiku wa tatu.
Lakini mbingu haina zamu.
Zamu ni za shirika la umeme.

Nilimkuta Hausabai Bhor katikati ya mizabibu,
sari kaikunja magotini, buti za marehemu mumewe miguuni.
Umeme wa mashamba huletwa usiku wa manane;
asipomwagilia saa nane, hamwagilii.
Nikamwonyesha nguzo: kikombe cha kaure kimepasuka,
waya unatema cheche, na cheche zake
zinasema palepale ninaposikiliza.

"Hiyo sauti yako ina umri gani?"
Nikamwambia.
Akaegemea jembe.
"Basi imeshazoea kusubiri. Zabibu hazijazoea."
Tukacheka, yeye zaidi.

Ilihitaji barua nne, na fundi Ismail Attar, na ngazi ya kuazima,
na rupia mia saba ambazo chuo hakijanirudishia.
Kikombe kipya, cheupe kama jino la mtoto.
Pampu ikaendelea kunguruma, mizabibu ikanywa,
na mstari wangu, mzuri kuliko yote niliyowahi kuiona,
ukafa.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, husemwa.
Mimi ninacho kidogo: dakika themanini na sita,
nimezifua mwenyewe, nimezianika.
Ndani yake hamna kitu. Tutaandika hivyo
kwa adabu ya fani yetu: mawimbi hayo, kama yapo,
hayazidi kiasi hiki.
Ukuta umesogea unywele mmoja.
Profesa anasema hayo nayo ni matokeo,
na akisema huangalia dirishani.

Juzi Hausabai alileta zabibu ndani ya gazeti,
akauliza kama imesikika.
Bado, nikasema.
Akachagua zabibu iliyopasuka, akaila yeye.
"Jana umeme ulikatika katikati ya zamu.
Nikasimama gizani.
Sijawahi, miaka yote hii: nilisikia udongo ukinywa."
Akanitazama.
"Hiyo nayo ungeifuta?"